Kongo Imefunga Pazia

Rumonge, Jumapili, baada ya adhuhuri

Zaituni wangu,

Unakoroma. Msichana wa miaka minne na nusu, shingo nyembamba kama ya kifaranga, unakoroma kama injini ya mtumbwi iliyoingiwa maji. Nimekaa kwenye kizingiti cha mlango ninakuandikia, kwa kalamu niliyoichomoa ndani ya mkoba wako mpya. Mama yako ameniona.

"Baba Zaituni, hiyo kalamu ni ya mutoto. Utaimaliza wino kabla hajajua hata a."

Nimemwambia ninaijaribu tu kama inaandika. Basi barua yako imeanza kwa uongo. Na kwa kuwa habari yote niliyokaa kukueleza ni ya uongo wangu, naona tumeanza vizuri.

Kesho asubuhi unaanza gardieni, shule ya watoto wadogo. Kusoma bado, kwa hiyo karatasi hizi nitazikunja nizitie ndani ya kopo la biskuti ambamo mama yako anaweka vyeti vyetu na lile jino lako la kwanza alilodai ni lulu. Siku utakapoweza kusoma mwenyewe bila kunifuata kidole, zichukue. Sitakuandikia unawe mikono, wala usimsukume mwenzio, wala uji usiumwage. Hayo mama yako ameyaimba wiki nzima, mpaka mimi mwenyewe sasa ninanawa mikono nikienda kuchukua kijiko.

Mimi nina jambo moja tu. Tangu Alhamisi hujaniuliza swali.

Labda utakapoyasoma haya utakuwa dada mwenye mambo yake, umesahau jinsi ulivyokuwa. Ngoja nikukumbushe. Kutoka kwetu mpaka mwaloni, ninapoziba mitumbwi ya watu, ni mwendo wa kumaliza muhogo mmoja wa kuchoma. Ndani ya muhogo huo unaweza kutaka kujua kwa nini mbuzi hana viatu, samaki analala akifumba macho au akiyafumbua, nani alimfundisha jogoo saa, na kama bibi yako, Mungu amrehemu, anajua huko aliko kwamba mimi nimenyoa ndevu. Jibu likichelewa kidogo unanivuta kidole.

"Baba, unafikiri ama unajificha?"

Na mimi nilikuwa ninajibu. Kila swali. Hapo ndipo nilipokosea. Sijawahi hata siku moja kukuambia "sijui". Ni neno la herufi tano tu, lakini kooni mwangu limekaa kama mwiba wa samaki mukeke, halipandi halishuki. Kwa hiyo badala yake nilikuwa ninakutengenezea majibu, hapo hapo, kama mtu anayeziba tundu kwa kitambaa chochote alichonacho karibu. Kwa nini ndagala, vile visamaki vidogo, zinang'aa? Zimekula mwanga wa taa za wavuvi. Kwa nini kiboko anangoja jioni ndipo atoke majini? Hana nguo, mchana anaona haya. Mawese yamekuwaje mekundu? Michikichi ya Kizuka inakunywa jua linapozama.

Mama yako alikuwa akichambua maharage na kutikisa kichwa. "Uongo ungekuwa na shule, huyu angekuwa direkta."

Nilidhani ni sifa.

Likaja swali la milima. Unajua, miezi ya mvua milima ya Kongo inasimama pale ng'ambo, unahesabu mikunjo yake. Kiangazi kikikolea, vumbi na moshi vinatanda juu ya ziwa na milima inapotea yote, mzizi na kilele. Imekuwa hivyo tangu niwe na macho, na sikuwahi kujiuliza. Mwaka huu wewe uliona. Ulisimama mwaloni, mikono kiunoni kama mwenye mtumbwi.

"Baba, Kongo iko wapi?"

Nilikuwa nimelala chali chini ya mtumbwi, patasi mkono mmoja, nyundo mkono mwingine. Sikutoa hata kichwa. "Wamefunga pazia."

"Kwa nini?"

"Wanapiga deki."

"Nchi nzima?"

"Nchi nzima."

Halafu nikakusikia ukisema polepole, kwa heshima kubwa: "Wako na maji mengi."

Siku hiyo hiyo ukaipeleka habari kwa jirani yetu Mama Esperansi, yule aliyevuka kutoka upande wa Fizi, huko Kongo, na sasa anauza ndagala pale kona. Ulimwambia unampa pole, maana kwao wanapiga deki na yeye yuko huku. Mama Esperansi akatua beseni chini.

"Mungu wangu! Na mimi niko huku nimekaa tu! Nani atawasaidia kukamua matambara? Hii mutoto iko na maneno kushinda redio!"

Alicheka, nikacheka, ukacheka. Kila aliyepita aliombwa aisikilize. Hakuna aliyefikiri kwamba wewe hukuwa unachekesha. Wewe ulikuwa umeamini.

Sasa Alhamisi. Tulikwenda kukuandikisha. Ile shule iko juu ya barabara, na madirisha yake yanatazama ziwa. Madamu, mwalimu wenu, binti mmoja mpole mwenye sauti ya chini, aliwakalisha nyinyi wageni kwenye vile vibenchi, sisi wazazi tukasimama ukutani nyuma. Alitaka tu kuwazoesha. Akawaonyesha dirisha.

"Haya, watoto, huko mbali, ng'ambo ya ziwa, kuna nini?"

Mmoja akasema maji. Mmoja akasema samaki. Mmoja akasema anataka kwenda kwao. Wewe uliinua kidole. Nilikuona kutoka nyuma, ulinyoosha mkono wote mpaka ukanyanyuka kwenye benchi. Na ulisema wazi, hata wa mlangoni wakasikia:

"Iko Kongo. Lakini haionekani, wamefunga pazia. Wanapiga deki."

Darasa lilipasuka. Watoto walicheka kwa sababu wakubwa wamecheka, na wakubwa, mwanangu, walicheka kweli. Baba mmoja mwenye miwani alikohoa mpaka akatoka nje. Madamu akajiziba mdomo kwa rejista. Akajikaza, akauliza kwa upole: "Nani amekuambia hivyo, mama?"

Hukumjibu. Uligeuka. Ukanitafuta kwa macho kati ya watu wote wale, ukanipata, ukangoja. Hukuwa na wasiwasi hata kidogo. Ulikuwa kama mtu aliyeulizwa ushahidi na shahidi wake yuko pale pale, amevaa shati safi.

Na mimi nilicheka, Zaituni. Nilicheka pamoja nao. Nikatikisa na kichwa, nikamtazama jirani yangu ukutani, kana kwamba ninasema: watoto hawa, sijui wanayatoa wapi!

Ulinitazama kidogo zaidi. Halafu ukageuka mbele, ukakishika kile kidole chako kwa mkono wa pili, ukakishusha.

Tangu hapo, kimya. Ijumaa tulikwenda mwaloni, umenishika mkono, unatazama mbele kama mke wa mheshimiwa. Tulipita mbuzi watatu, hukuuliza kitu. Jana nilikutega. Nikasema kwa sauti, "Ajabu, huyu kunguru ana mguu mmoja." Alikuwa na miwili. Ukamtazama, ukanitazama, ukaendelea na njia. Mama yako anasema umekua. Lakini mimi kimya cha namna hiyo ninakijua. Nilikaa ndani yake zaidi ya miaka thelathini.

Nilikuwa darasa la kwanza. Mwalimu wetu alichora ziwa ubaoni, refu na limepinda kidogo, kama ndizi iliyosimamishwa, akachora na mito inayoingia: Rusizi, Dama, Murembwe, Malagarasi. Chaki ilikuwa inakwenda tu, mto, mto, mto. Nilipenda sana ile picha. Nikainua kidole.

"Mwalimu, maji yote haya yanaingia, mbona ziwa halijai?"

Jua lilikuwa kali, tumebanana kwenye mabenchi, na mwalimu yule, nadhani, alikuwa amechoka au alikuwa na njaa. Nimemsamehe zamani. Alisema: "Halijai kwa sababu wewe unakwenda kulinywa kila asubuhi."

Wakacheka. Nikapewa jina. Halijai. Nikitumwa sokoni, "Halijai, umeacha kidogo?" Nikicheza mpira, "Mpe Halijai, ana kiu." Nilikua nalo, nikaota ndevu nalo, na mama yako, usimwulize maana atakana, aliolewa na Halijai. Watu waliosahau jina nililopewa na wazazi wangu hawakusahau hilo.

Sikuinua kidole tena. Si shuleni tu. Chuoni kwa maalimu, kwa daktari, hata kwa baba yangu mzazi. Nikijua, ninasema. Nisipojua, ninatikisa kichwa kama mtu anayejua.

Utaniuliza (naomba uniulize) je, hilo lina ubaya gani? Mtu si anaweza kuishi akitikisa kichwa? Anaweza. Nilikuwa na miaka ishirini nilipouona ubaya wake.

Babu yako, Mzee Ramazani, ndiye aliyekuwa fundi wa kuziba mitumbwi. Unaona ninavyofanya: unachukua pamba, unaisokota na mawese, unaishindilia kati ya ubao na ubao kwa patasi butu mpaka maji yasipate njia. Babu yako alifundisha kwa mkono, mdomo aliuweka kwa ajili ya chai. Kazi ilikuwa kutazama. Mwaka huo akashikwa na homa, analala ndani, na tajiri mmoja, Patroni Meshaki, akaleta mtumbwi wake uliokaa juu ya mchanga kiangazi chote. Mbao zimekauka mpaka nafasi kati yake zinapitisha kidole. Nikautazama. Nilijua pamba, nilijua mawese. Sikujua kitu kimoja: mbao zikiwa kavu hivi, unashindilia kiasi gani?

Nyumbani palikuwa karibu, ungeita ukaitikiwa. Baba alikuwa macho, anakunywa uji. Ningekwenda tu mlangoni. Nilifika nusu ya njia, nakuambia kweli, nikasikia lile darasa likicheka, nikarudi.

Nikashindilia. Nikajaza kila nafasi mpaka pamba ikagoma kuingia, halafu nikaongeza. Nilipomaliza mtumbwi ulipendeza kama mshono wa kanzu ya sikukuu. Patroni Meshaki akapitisha kiganja akasema, "Halijai, umemshinda babako." Wakausukuma majini jioni hiyo, watu watatu ndani, wakaelekea upande wa Magara.

Mbao hunywa maji, mwanangu. Zikinywa zinavimba. Mimi sikuziachia pa kuvimbia. Zikasukumana zenyewe kwa zenyewe mpaka ubao mmoja ukang'oa misumari yake na kufunguka. Walirudi asubuhi wakivutwa na mtumbwi wa watu wengine, taa zao zimezama, wameloa mpaka kifuani. Wote watatu wazima, nimshukuru Mungu mpaka nife. Mmoja wao, Kasimu, alikuwa akichota maji na kuyamwaga nje kwa sufuria tangu walipoona ubao umefunguka, na alipofika mchangani vidole vyake vilikataa kuiachia ile sufuria. Tulivifungua kimoja kimoja. Nilishika kidole gumba mimi mwenyewe.

Babu yako alikuja na homa yake, amejifunga shuka. Akapima ule mshono kwa ukucha.

"Ulikuwa hujui?"

Nikatikisa kichwa. Hata wakati huo nilijaribu kutikisa kichwa namna isiyoeleweka.

"Ulijua kwamba hujui," akasema, "ukakaa nayo."

Akatema mate pembeni, akaniambia nilete patasi. Tuliutoa ujinga wangu siku nzima, uzi kwa uzi. Kabla ya kurudi kulala akaniwekea ukucha wake kwenye nafasi kati ya mbao mbili na kusema kwamba ubao mkavu huachiwa hivi. Utajaa wenyewe ukikutana na maji. Hilo tu. Nimeziba mitumbwi kwa ukucha huo mpaka leo.

Kasimu naye ananisalimia mpaka leo. Lakini hupendi ninapoangalia mikono ya watu, uliwahi kuniambia. Sasa unajua kwa nini.

Na lile swali langu la ziwa? Subiri ucheke. Nilipata jibu nikiwa na mvi, kwa Mama Esperansi, alipokuwa ananipimia ndagala. Watu walikuwa wanataniana pale, mmoja akaniita Halijai, Mama Esperansi akauliza maana yake, wakamweleza. Hakucheka. Alishangaa.

"Si iko Lukuga? Kule Kalemie mto unatoka, unabeba maji, unaenda nayo. Ulikuwa hujui? Hata mbuzi wa kule anajua."

Miaka yote ile. Jibu lilikuwa ng'ambo tu ya maji, kwa mbuzi.

Halafu ziwa nalo likaamua kunitania. Miaka hii ya karibuni limepanda, umeliona mwenyewe, limekula mchanga tuliokuwa tunaanikia ndagala, limeingia mpaka kwenye vibanda, hata mahali babu yako alipoutazama mtumbwi wa Meshaki sasa wanapita samaki. Siku maji yalipofika kwenye ukuta wa kwanza, wewe hujazaliwa bado, mwenzangu mmoja wa darasa lile, mtu mzima mwenye wajukuu, alipiga kelele kutoka barabarani: "Halijai! Njoo uone! Limejaa!" Mji mzima ulikuwa umehuzunika, na mji mzima ukacheka. Nami nikacheka. Ninacheka vizuri sana ninapochekwa, umeona.

Wewe ndiye uliyenivua lile jina. Ulizaliwa tukiwa tumekwisha kuacha kungoja, mama yako na mimi, hata majirani walikuwa wameacha kutuuliza. Kufika siku ya saba watu wananiita Baba Zaituni. Hakuna aliyetangaza, liligeuka tu, kama upepo. Nilitembea mpaka sokoni na kurudi bila haja yoyote huko, ili nisikie wakiniita.

Kwa hiyo fikiri. Mtu uliyemvua jina la kuchekwa, ulipogeuka kumtafuta, alikuwa upande wa wanaocheka.

Sikujaza uongo ndani ya kichwa chako kwa ubaya. Nilitaka tu kusiwe na tundu. Kila ulipofungua nafasi kidogo nilikuja mbio na pamba yangu, nikashindilia, nikapendeza. Nimekuwa fundi miaka ishirini na kitu, na sikuitambua kazi yangu mwenyewe. Kesho unaingia kwenye maji yako, na mimi sijui

*

Nimerudi. Jua limeshuka. Uliamka nikiwa katikati ya neno, ukaja ukasimama mlangoni na alama za mkeka shavuni. Nikaficha karatasi chini ya paja kama mwizi. Nikasema, "Twende mwaloni." Ukanipa mkono bila kuuliza kuna nini.

Ninaandika yaliyotokea sasa hivi, kabla hayajanitoka.

Ng'ambo hapakuwa na kitu, kijivu tu, maji na mbingu zimeshonwa pamoja. Nikakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, nikakupandisha.

"Zaituni."

"Bee."

"Kongo haijafunga pazia."

Ulikuwa unakwaruza mawese makavu kwenye ubao. "Najua," ukasema. "Madamu alicheka."

"Mimi ndiye niliyekuambia. Na uliponiangalia, nikacheka na mimi. Nilifanya vibaya."

Uliendelea kukwaruza. Mtumbwi mmoja ukatoka, mwingine ukatoka. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa uliposema:

"Kwa nini ulicheka?"

Swali. La kwanza tangu Alhamisi, na katika maswali yote ya dunia ulichagua hilo. Nilitafuta pamba kila mahali mwilini mwangu. Sikuipata.

"Niliogopa watu wajue ni mimi."

"Wangekucheka?"

"Ndiyo."

"Ukubwa wote huo?"

"Ukubwa wote huu."

Ukanipima kuanzia kofia mpaka viatu. Halafu ukatazama ng'ambo. "Sasa Kongo iko wapi?"

"Iko pale pale. Kuna vumbi na moshi katikati."

"Vimetoka wapi?"

"Sijui."

Kidole kilisimama juu ya ubao. Ulinitazama kana kwamba nimevua kofia na chini yake amekaa kuku.

"Hujui?"

"Sijui."

"Na kiboko?"

"Kiboko pia sijui."

"Na ndagala? Na mawese?"

"Sijui, mama. Sijui hata moja."

Nilidhani utalia. Badala yake ulianza kuchangamka kidogo kidogo, miguu ikaanza kupiga ubavu wa mtumbwi, mpaka uso wote ukafunguka kama mtu aliyeonyeshwa ghala limejaa vitu na hakuna aliyevigusa.

"Baba, wewe hujui mengi!"

"Mengi sana."

"Nitamuuliza Madamu. Yote. Halafu nikirudi nakufundisha." Ukahesabu kwa vidole: Kongo, kiboko, ndagala, mawese. Kimoja kilibaki, kile cha gumba. Ukanionyesha. "Hiki ni chako. Swali lako ni gani? Nitakubebea."

Zaituni, sikuwa nimeulizwa hivyo na mtu yeyote. Ilibidi nijifanye vumbi limeniingia jichoni, na vumbi lilikuwepo, nashukuru.

Ninalo moja. Nimekuwa nalo tangu maji yalipofika kwenye ukuta ule, na sikumuuliza mtu. Nikakuambia polepole, ukalirudia neno kwa neno, mara mbili, mara ya tatu ukiruka kwa mguu mmoja: Lukuga bado inatoa maji, sasa mbona ziwa limejaa?

Tulirudi. Njiani uliuliza kuhusu mbuzi, kunguru, na kwa nini mama hapendi nichukue kalamu. Karibu na kwa Mama Esperansi ukapunguza mwendo, ukanivuta kidole.

"Baba. Na wakicheka?"

Nilikuambia nitafikiri. Sikuwa ninajificha. Nimefikiri, na sasa umelala tena, mkoba umeuweka juu ya tumbo, na mama yako ananiambia nizime taa, kalamu inakwaruza. Jibu langu nitakupa kesho tukifika pale getini, lakini nataka na hapa liwepo, kwa mkono wangu.

Wakicheka, waambie swali ni la baba yako. Madamu ameturuhusu wazazi tusimame nyuma kwa hii asubuhi ya kwanza. Ukigeuka kunitafuta, utaniona: mimi ndiye yule mzee ukutani aliyeinua kidole.

Baba Zaituni